Mbwa hatengui udhu, ukatili je?

Sifa zote njema anastahiki Allah (SW), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume Muhammad (SAW), aliyetumwa kuwa rehema kwa walimwengu wote.

Ndugu msomaji, leo naandika kisa kinachonihusu mimi mwenyewe, na hakinipi sifa. Nimeona nikiandike kwa sababu huenda wengi wetu tumo ndani yake.

Ilikuwa Ijumaa moja ya mwezi wa Januari, yapata saa sita na nusu mchana. Nimeoga, nina udhu, nimevaa kanzu iliyopigwa pasi, naelekea msikitini. Joto la Dar es Salaam mwezi huo msomaji unalijua. Njiani nikamkuta jirani yangu, mzee mmoja Mkristo aliyestaafu, amesimama nje ya gari lake akigonga kioo. Tairi lilipata pancha. Aliposhuka kulitazama aliacha funguo ndani, akafunga mlango ili mbwa wake wawili wasirukie barabarani. Wale mbwa kwa kumtaka bwana wao wakapanda mlangoni, mmoja akakanyaga kitufe cha loki. Milango yote minne ikajifunga. Vioo viko juu, injini imezimwa, jeki imo kwenye buti, na funguo ya akiba alikwishaipoteza zamani.

Vijana wa kijiweni walikuwa wakicheka kwamba mzee kafukuzwa garini na mbwa wake. Mwenyewe hakuwa akicheka. “Ustadhi, nisaidie mwanangu,” aliniambia. “Hawa watakufa humu ndani.”

Nikamwamkia shikamoo, kisha nikamjibu: “Mzee wangu, mimi nina udhu. Nikitoka kuswali nitapita.” Nikakaza mwendo huku nimeshika pindo la kanzu.

Msikitini niliwahi safu ya mbele. Baada ya salamu nikageuka, nikamwona mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu yuko safu ya mwisho, amesimama anakamilisha rakaa iliyompita. Alipomaliza nikamwita. Nikamkaripia kwamba kijana anayesoma dini hachelewi Ijumaa. Akanijibu kwa adabu: “Ustadhi, nilikuwa nafungua gari la babu. Mbwa walikuwa wanakufa.”

Kijana huyu siku za likizo hujifunza kazi gereji. Alipenyeza kabari ya mti juu ya mlango, akaingiza waya mrefu, akabonyeza kitufe kilekile alichokanyaga mbwa. Mbwa walitoka ndimi nje, mmoja hawezi kusimama. Akawapa maji. Wakamlamba mikono. Akaiosha mara saba, moja kwa mchanga, akaazima shati, akakimbilia msikitini na kuiwahi rakaa ya pili.

Kisha akaniuliza swali ambalo sijalisahau: “Ustadhi, si wewe uliyetusomesha Safina?”

Ndugu yangu katika imani, Safinatun-Najaa ni kitabu kidogo cha fiqhi ya Imamu Shafii ambacho watoto wetu wa pwani huanzia. Nimekisomesha miaka mingi. Kinapotaja sababu za kutayamamu, kinataja mtu kuyahitaji maji kwa ajili ya kiu ya mnyama mwenye kuheshimika. Kinapohesabu wasio na heshima hiyo, kinamtaja mbwa mkali anayeuma watu. Mbwa wa ulinzi asiyedhuru watu hamo katika hesabu hiyo. Maana yake ni kwamba ukiwa na maji ya udhu tu, na mbwa wa namna hiyo anakufa kwa kiu, unampa yeye maji, wewe unatayamamu. Sasa ikiwa sheria inaniruhusu niache udhu wa maji kwa ajili ya uhai wa mbwa, mimi nilipata wapi ruhusa ya kumwacha mbwa afe kwa ajili ya udhu?

Na hata huo udhu wenyewe haukuwa hatarini. Kitabu hichohicho kinataja mambo manne yanayotengua udhu. Kugusa mbwa si mojawapo. Unajisi wa mbwa ni jambo jingine. Kwa Mashafii, mbwa mkavu akigusa nguo kavu hakuna cha kuosha, na akiwa na majimaji, unaosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Wanachuoni wa madhehebu ya Malik wao wanamhesabu mbwa kuwa tohara. Kwa hiyo jibu nililompa yule mzee halikuwa fiqhi. Lilikuwa kisingizio kilichovaa kanzu.

Sisemi kwamba Waislamu tujaze mbwa vyumbani. Mtume (SAW) ametuonya kwamba kufuga mbwa bila haja ya mawindo, mifugo au shamba hupunguza thawabu kila siku. Lakini ni Mtume huyohuyo aliyetueleza habari za mwanamke kahaba aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu, na ya mwanamke aliyeingia motoni kwa kumfungia paka bila chakula mpaka akafa. Na Qur’an katika Suratul Kahf inamtaja mbwa wa watu wa pangoni, pale mlangoni na vijana wale wema. Aliyetufundisha kuosha chombo mara saba hakutufundisha kumpiga mbwa mawe, kama wafanyavyo watoto wetu huku sisi tukitazama.

Gari lililofungwa juani huwa tanuri. Kwa dakika kumi tu joto la ndani linaweza kupanda kwa nyuzi kumi. Mbwa hatoi jasho kama sisi, hujipoza kwa kuhema. Khutba na swala zilichukua zaidi ya nusu saa. Lau yule kijana angenifuata mimi mwalimu wake, ningewakuta maiti.

Jioni nilikwenda kwa yule mzee kumwomba radhi. Akanipokea vizuri, akaniambia: “Usijali Ustadhi. Najua dini yenu ndiyo inavyoagiza.”

Maneno hayo yaliniumiza kuliko angenitukana. Kumbe nilipopita pale sikumnyima msaada tu, nilimtolea Mtume wangu (SAW) ushahidi wa uongo mbele ya mtu asiyesoma kitabu chochote chetu ila sisi wenyewe. Nikamwambia: “Hapana mzee wangu, dini haikuagiza vile. Kosa lilikuwa langu. Dini uliiona kwa yule kijana.”

Ndugu msomaji, najisi ya mbwa huondoka kwa maji na mchanga. Ugumu wa moyo hauondoki kwa maji. Tumuombe Allah (SW) atupe elimu yenye manufaa, na atuepushe na elimu inayotufunza namna ya kukwepa wema.

Wabillahi tawfiq.