Juu ya Mwandishi Kukiuza Kitabu Chake

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii imewafumba midomo waandishi wengi wema, na soko likabaki mikononi mwa wasio na haya. Nataka kuipima, maana hata methali ni neno la mtu, na neno la mtu halikosi mpaka.

Kijana mmoja wa Turwa, upande wa Tarime, alinijia na mswada nimsahihishie lugha. Alikuwa ametunga kitabu cha kuwafundisha wanaoanza namna ya kuunda programu za simu. Hakupata mchapishaji, akaazimia kukichapa kwa fedha za kukopa. Katika kujitegemea hivyo hakuwa wa kwanza: marehemu Ben Mtobwa, mtunzi wa riwaya za upelelezi, aliasisi kampuni yake mwenyewe ya uchapishaji, Heko. Lakini juu ya jalada kijana huyu aliandika kwamba msomaji atakuwa mtaalamu kwa siku saba. Nilimwambia ayafute maneno yale, kwa sababu kitabu kizuri hujiuza. Akanijibu kwa adabu, "Mwalimu, mtu wa Sirari asiyejua kwamba kitabu kipo, atakinunuaje?" Sikuwa na jibu.

Nikiri kwanza haki yake. Embe bivu huonekana kwa macho na kunukia puani. Kitabu kimefungwa, na uzuri wake hauna harufu. Tena kitabu cha namna hii kina haja kubwa. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia Tanzania mwaka 2008, na leo muuza ndizi hupokea malipo yake kwa simu. Hata hivyo, kuitumia programu ni jambo moja na kuiunda ni jingine, na elimu ya kuiunda ingali imefungiwa zaidi katika Kiingereza. Mwenye ufunguo akinyamaza kwa kuona haya, unyenyekevu wake huwa hasara ya wenziwe. Basi kujitembeza peke yake si aibu.

Lakini haki hii ina mpaka, na mpaka wenyewe umo katika hali ya mnunuzi. Mfugaji wa Tarime aendapo mnadani kununua ng'ombe, hamtegemei muuzaji. Humtazama mnyama meno, humpima mwendo, humpapasa kiwele. Sifa za mwenye mali humwingia sikio hili zikatokea la pili. Mnunuzi wa kitabu cha mwanzo hana kipimo hicho. Angekuwa nacho, asingekihitaji kitabu. Kutojua kwake ndiko kunakomleta dukani, na ndiko kunakofungua mlango wa kudanganywa. Yu kama mgonjwa mbele ya tabibu. Kadiri mnunuzi anavyopungukiwa na uwezo wa kupima, ndivyo deni la muuzaji linavyozidi. Namba ya ISBN haimwokoi, maana hukitambulisha kitabu tu, haishuhudii yaliyomo. Na pale mwandishi anapojichapia mwenyewe, hapana mhariri wa kusimama katikati na kusema hapana; dhamiri ya mwandishi hufanya kazi ya watu wawili.

Tufikiri msomaji auzaye mbuzi wake ili akinunue kitabu hicho. Ukurasa wa tatu unamtaka afungue Android Studio. Programu hiyo hupatikana bure, lakini hudai kompyuta yenye kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 8, naye ana simu tu. Au anacho chombo, bali kitabu kimefuata lugha ya Java bila kumwambia kwamba tangu mwaka 2019 Google imetangaza kuipendelea Kotlin. Siku saba zapita, utaalamu hauonekani. Je, atasema kwamba jalada lilimdanganya? La. Atasema, "Mimi sina akili ya mambo haya." Hapa ndipo ulipo uovu wenyewe. Aliyeuziwa ng'ombe mgonjwa humlaani muuzaji. Mwanafunzi aliyeahidiwa uongo hujilaani nafsi yake. Fedha zaweza kurudi kwa jasho la msimu mmoja, lakini imani ya mtu katika akili yake ikivunjika si rahisi kuungwa.

Yamkini msomaji atauliza: ukweli ukiandikwa juu ya jalada, nani atanunua? Sikatai kwamba wanunuzi watapungua. Ahadi ya siku saba huvuta wengi kuliko onyo la kompyuta, na deni la kiwanda cha chapa halilipwi kwa uadilifu. Lakini faida ipatikanayo kwa kumfanya mtu ajidharau hulipwa na asiyekopa.

Kijana yule alirudi na jalada jingine. Lilieleza chombo kinachotakiwa, mwaka wa maarifa yaliyomo, na kazi moja atakayoiweza msomaji mwishoni: kuunda programu ndogo ya hesabu za duka. Liliongeza kwamba atakayetaka kuiweka katika duka la Google Play atalipa dola 25 za kujiandikisha, mara moja. Kisha akavibeba vitabu vyake kutoka shule hadi shule, akavisifu kwa sauti. Vinanunuliwa polepole, na deni halijaisha.

Nami nimeirekebisha methali yangu. Kizuri nacho na kijitembeze, maadamu kinatembea kwa miguu yake, si kwa miguu ya kuazima.