Bei ya Kijana wa Miaka 16

Mwaka 2015 klabu ya besiboli ya Boston Red Sox, Marekani, ilimpa kijana wa Cuba, Yoan Moncada, dola milioni 31.5 ili asaini tu. Tangu 2017 hilo haliwezekani: kila klabu ina kikomo cha fedha za kusajili vijana wa nje. Eti ni uadilifu. Baina ya nani? Waliokubaliana ni wenye klabu na chama cha wachezaji. Mtoto masikini wa Jamhuri ya Dominika, anayesaini akiwa na miaka 16, si mwanachama. Mara nyingi shule keshaiacha, na kocha aliyemlea anasubiri fungu lake. Mnyonge apangiwe bei bila kuulizwa, kisha tuiite ridhaa? Na wengi wao ligi kuu hawaifiki.