Aliyeondoka Anadaiwa Nini?

Siku hizi kila kijiji kina kikundi chake cha WhatsApp, na kila kikundi kina ugomvi mmoja usioisha. Kwetu Tongaren huanza na mchango, labda wa mazishi, labda wa karo ya mtoto aliyepata nafasi ya sekondari. Walio Nairobi wanatuma mia tano. Walio Qatar wanatuma elfu mbili. Aliye Canada anatuma elfu kumi, kisha anaongeza ushauri: kamati ibadilishwe, jeneza lisiwe la bei hiyo, ng'ombe mmoja anatosha. Hapo mtu wa nyumbani anamjibu: wewe uko majuu, unajua nini kuhusu huku? Kikundi kinanyamaza hadi msiba mwingine.

Mimi niko upande wa walioondoka. Naishi Nairobi, narudi ocha Desemba na wakati wa msiba, kwa hiyo swali hili linanihusu. Je, mtu aliyeondoka kwao anadaiwa kitu? Na akishalipa, je, malipo hayo yanampa sauti kubwa kuliko ya waliobaki? Kiswahili kina jibu la haraka: mkataa kwao ni mtumwa. Lakini methali hiyo inamhukumu anayekataa. Haisemi lolote juu ya anayeondoka akiwa bado anapapenda.

Nimeona ni rahisi kulifikiri jambo hili kupitia maisha ya mtu mmoja, Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa jazi kutoka Afrika Kusini. Tarumbeta yenyewe si ngeni kwetu. Ukikulia pande za Bungoma au Kitale, lazima umewahi kusikia bendi ya Jeshi la Wokovu ikipita barabarani. Masekela alizaliwa 1939 huko Witbank, mji wa makaa ya mawe. Akiwa kijana mtundu katika shule ya St Peter's, Johannesburg, aliona filamu kuhusu mpiga tarumbeta, akamwambia padri wa shule, Mwingereza Trevor Huddleston, kwamba akipewa tarumbeta hatasumbua mtu tena. Padri akaitafuta. Mzee mmoja wa bendi ya manispaa, waliyemwita Uncle Sauda, akamfundisha kuipuliza. Baadaye Huddleston alikutana na Louis Armstrong huko Marekani, akamsimulia habari za vijana wake, na Armstrong akatoa tarumbeta yake mwenyewe ipelekwe Johannesburg.

Hebu hesabu mikono hapo. Padri kutoka Uingereza, mzee wa bendi ya manispaa, Mmarekani mweusi aliyezaliwa New Orleans. Masekela alikuwa na kipaji, sawa, lakini kipaji bila mikono hiyo kingebaki utundu tu.

Machi 1960 polisi waliua watu 69 Sharpeville, na mwaka huohuo Masekela akaondoka, kwanza London, kisha New York. Alikuwa na miaka 21. Mwaka huo Huddleston naye alikuja upande wetu wa Afrika, akawa askofu wa Masasi kusini mwa Tanganyika. Armstrong naye alizunguka Afrika na bendi yake, akapiga hadi Nairobi. Watu watatu waliounganishwa na tarumbeta, na hakuna hata mmoja aliyekuwa kwao.

New York, Masekela alitaka kupiga jazi kama Wamarekani wenyewe. Wakubwa wa muziki waliompenda, Harry Belafonte akiwa mmoja wao, walimsukuma atumie sauti za kwao. Aliwasikiliza. Mwaka 1968 kibao chake "Grazing in the Grass" kilishika nambari moja Marekani, na ndani yake unasikia mdundo wa vitongoji vya Afrika Kusini. Kwa hiyo kile alichouza ugenini alikitoa nyumbani. Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wanaosema, mimi nilijitafutia, sina deni na mtu. Hata lugha unayotumia kujisifia kwamba ulijitafutia, kuna mtu alikufundisha.

Lakini deni hilo ni la nani? Wengi husema ni deni la ardhi: rudi, jenga, uzikwe kwenu. Hapa lazima tutofautishe walioondoka kwa hiari na waliofungiwa mlango. Miriam Makeba, aliyewahi kuwa mke wa Masekela, alifiwa na mama mwaka 1960 akiwa Marekani. Alipotaka kurudi kuzika, akaambiwa pasipoti yake imefutwa. Kwetu Wabukusu, ambao mazishi ya mzee yanaweza kuwa na kumuse, hotuba ndefu ya kuwarudisha watu pamoja, kukosa kumzika mama ni jambo linalokumbukwa vizazi. Je, Makeba alikosa deni? Mtu hadaiwi alichonyang'anywa uwezo wa kulipa.

Na historia yetu inalijua hilo. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilimpeleka Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, uhamishoni Lamu, akazuiliwa mbali na kwao zaidi ya miaka kumi. Aliporudi na uhuru ukaja, serikali ya Waafrika nayo ikamfunga tena. Kurudi tu hakukuwa suluhisho la Masinde.

Isitoshe, Tongaren yenyewe ni mahali pa watu walioondoka kwao. Mashamba haya yalikuwa ya walowezi wazungu. Wazee wetu walikuja miaka ya 1960 katika mipango ya makazi, wengine kutoka Kimilili na Sirisia, wengine kutoka Maragoli. Waliacha makaburi ya baba zao nyuma. Leo wajukuu wao wanaita hapa nyumbani na kumkaripia aliye Canada kwa kuondoka. Kama deni ni la ardhi, basi sisi sote wa Tongaren ni wadaiwa sugu.

Kwa hiyo naamini deni ni la watu. Unadaiwa na mikono iliyokushika, na njia ya kulipa ni kuwashika wengine, popote ulipo. Masekela alilijua hilo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, akiwa na jina kubwa na uwezo wa kukaa starehe Marekani, alihamia Botswana, mlangoni mwa kwao ambako hakuweza kuingia. Akapiga na vijana wa huko, akasaidia kuanzisha shule ya muziki. Kutoka gerezani Nelson Mandela akamwandikia kumtakia heri ya siku ya kuzaliwa. Fikiria hilo: aliye ndani ya nchi amefungwa, naye ndiye anayemtia moyo aliye nje. Juni 1985 jeshi la makaburu lilivamia Gaborone usiku, likaua watu 12. Masekela akahama tena, mpaka Uingereza. Mwaka 1987 akatoa wimbo wa kudai Mandela arudishwe nyumbani, wimbo uliochezwa sana na waliokuwa nje na waliokuwa ndani.

Alirudi 1990, baada ya miaka thelathini. Na hapa ndipo swali langu la pili linapouma. Katika miaka yake ya mwisho Masekela alisema sana kuhusu urithi wa Mwafrika unaopotea, na akawa anakataa kupigwa picha na wanawake waliovaa nywele za bandia. Wapo waliomshangilia. Wengine, hasa wasichana, waliuliza: nani alikupa ruhusa ya kupima Uafrika wangu kwa kichwa changu?

Mimi niko na wasichana. Ninamheshimu Mzee, na hoja kwamba urithi unaweza kupotea ni ya kweli. Lakini aliyeondoka hubeba picha ya nyumbani ya siku aliyoondoka. Picha hiyo humlisha ugenini, humpa muziki, humzuia kupotea. Tatizo ni pale anaporudi na kuigeuza kuwa sheria. Nyumbani kuliendelea kuishi bila yeye. Wasichana wale walikulia katika nchi iliyokuwa imebadilika tangu siku aliyoondoka. Ana haki ya kusema, kama mwanafamilia yeyote. Hana haki ya kuamua nani ni wa nyumbani kweli.

Mtu atasema: basi aliyetuma elfu kumi anyamaze? Hapana. Aseme, tena aseme wazi kama anaona pesa zinaliwa. Lakini aseme akijua kwamba elfu kumi ni malipo ya deni, wala si hisa za kampuni. Deni likilipwa halimgeuzi mlipaji kuwa mwenye mali. Na waliobaki nao wakumbuke kwamba kubaki peke yake si wema. Kuna mtu amebaki kijijini miaka yote na hajawahi kumshika mkono mtoto wa jirani.

Masekela alifariki Januari 2018, akiwa nchini kwake. Huddleston, aliyemtafutia tarumbeta ya kwanza, alikuwa amefariki 1998 huko Uingereza alikozaliwa, lakini majivu yake yalipelekwa Afrika Kusini, yakazikwa Sophiatown, mtaa aliowahudumia watu wake kabla serikali haijaubomoa. Hakuwa na baba wala babu aliyezikwa pale. Watu wa pale walimhesabu kuwa wao kwa sababu ya alichowafanyia, na nadhani hesabu hiyo ndiyo tunayopaswa kuitumia Tongaren pia, kwa aliye Canada na kwa aliyebaki.