Alama Mbili za Sitiari

Januari 2017, mshairi wa Kimarekani Sara Holbrook alichapisha makala ambayo watahiniwa wengi wangeisoma kwa furaha. Mtihani wa shule za jimbo la Texas ulikuwa umetumia mashairi yake mawili, na maswali yenyewe yalikuwa yamemshinda. Swali moja lilitaka mwanafunzi achague sababu ya mshairi kuligawa shairi lake katika beti mbili. Majibu manne yaliorodheshwa. Sababu yake Holbrook haikuwemo: yeye hulisoma shairi lile jukwaani, na pale ubeti unapokatika ndipo anaponyamaza kidogo.

Kucheka ni rahisi, ila kisa hicho kinaibua swali ambalo wanafalsafa na wanazuoni wa dini wamelibishania kwa karne nyingi. Maana ya maandishi ni mali ya nani? Ya aliyeandika, ya anayesoma, au ya yule aliyeshika kalamu nyekundu?

Nchini Kenya swali hilo huingia kila mwaka katika chumba cha mtihani, tena bila kujitambulisha. Karatasi ya pili ya Kiswahili katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, hutenga alama 15 za ufahamu, na karatasi ya tatu, yenye alama 80, ni fasihi tupu. Mtahiniwa huingia na orodha kichwani: tashbihi, sitiari, tashihisi, takriri, chuku, kinaya, jazanda. Akiulizwa muktadha wa dondoo, huhesabu kwa vidole: nani anasema, anamwambia nani, wako wapi, kwa nini. Wapo wanaozizoa alama hizo kwa kukariri mwongozo wa riwaya, na riwaya yenyewe hawajaifungua.

Sokrate angewaelewa. Katika utetezi wake mahakamani, kama Plato anavyousimulia, anasema aliwaendea washairi na tungo zao bora akawauliza wanamaanisha nini, akagundua kwamba karibu kila aliyekuwepo angeweza kuzieleza tungo zile vizuri kuliko watunzi wenyewe. Akaamua kwamba washairi hutunga kwa kuvuviwa, kama watabiri, na si kwa hekima. Lakini katika mazungumzo mengine ya Plato, yale ya Protagora, Sokrate yuleyule analalamika kwamba kubishania mashairi ni kazi bure kwa sababu mshairi hayupo aulizwe. Basi mshairi akiwepo hasaidii, na asipokuwepo ndipo anapotafutwa!

Wahakiki wa karne ya 20 walijaribu kumtoa kabisa mtunzi ukumbini. Mwaka 1946 Wimsatt na Beardsley walidai kuwa kusudio la mwandishi si kipimo cha kazi yake, na mwaka 1967 Roland Barthes akatangaza kifo cha mwandishi. Kwa mujibu wao, Holbrook hana haki ya kulalamika kumzidi msomaji mwingine yeyote. Hoja hiyo ina uzito, lakini haiwaokoi watungaji wa mtihani ule. Wao hawakuuliza mgawanyo wa beti unamfanya nini msomaji. Waliuliza kwa nini mshairi aligawa, yaani waliulizia nia ya mtu aliye hai, kisha wakajijibu bila kumpigia hata simu.

Katika elimu ya Kiislamu, kuitambua tamathali hakujawahi kuwa jambo la alama mbili. Kurani inautaja mkono wa Mwenyezi Mungu. Ni mkono, au ni majazi, yaani lugha ya tamathali? Wanazuoni wa Muutazila walisema ni majazi, maana yake uwezo au neema, kwa kuwa Mungu hana viungo. Wafuasi wa Ahmad ibn Hanbal walishikilia kwamba neno lipokewe lilivyokuja, bila kuuliza vipi. Katika karne ya 11 Abdul-Qahir al-Jurjani alichambua namna istiara, yaani sitiari, inavyofanya kazi, kwa undani ambao wahakiki wa leo bado wanaurejea. Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, aliukataa mgawanyo wenyewe wa hakika (maana halisi) na majazi, akisema neno halina maana nje ya matumizi yake. Mtu aliweza kuitwa mpotofu kwa kuona sitiari mahali ambapo mwenzake haioni.

Wanazuoni wa Kiislamu waliandika pia vitabu vya sababu za kushuka kwa aya: nani aliambiwa, wapi, kulikuwa na tukio gani. Kile cha al-Wahidi, cha karne hiyohiyo ya 11, ni maarufu hadi sasa. Mtoto wa madrasa ya Lamu au Tanga aliyezoea maswali hayo hahitaji kufundishwa upya muktadha wa dondoo ni nini.

Tuchukue sentensi ndogo ya darasani: njaa ilibisha hodi kila nyumba kijijini. Mtahiniwa wa kwanza anaandika "tashihisi", anapata alama yake, anasonga mbele. Wa pili anaandika tashihisi pia, kisha anaongeza kwamba mpiga hodi kwa desturi husubiri aambiwe karibu, na asipojibiwa mara ya tatu huondoka, ilhali njaa haisubiri karibu ya mtu. Kwa hiyo kuna kinaya, adabu ya mgeni imevishwa kitu kisichokuwa na adabu. Huyu wa pili ndiye aliyesoma. Mwenye sentensi huenda hakuyawaza hayo hata kidogo, na haidhuru, maana ushahidi wote umo ndani ya maneno yake na ndani ya desturi wanayoijua wasomaji wake. Mtahiniwa huyo angedai kwamba njaa hapa ni ukoloni angedaiwa ushahidi, na kwenye sentensi hii asingeupata.

Augustino, askofu wa Hippo, mji unaoitwa leo Annaba huko Algeria, alikutana na wasomaji wanaotoka na maana ambayo mwandishi hakuikusudia. Katika kitabu chake kuhusu mafundisho ya Kikristo, alichokianza mwishoni mwa karne ya 4, anasema anayeyasoma Maandiko akakosa kusudio la mwandishi, lakini akatoka na maana inayojenga upendo, amekosea bila kusema uongo. Hata hivyo hamwachi hivihivi. Asahihishwe, anasema, asije akazoea kuiacha njia. Askofu alikuwa na wasaa wa kumwita msomaji wake pembeni wakajadiliana. Msahihishaji wa KCSE ana rundo la karatasi mbele yake, namba ya mtahiniwa badala ya jina, na nafasi ya tarakimu moja pembezoni.