Hasara ya kahawa, kwa nini aibebe kibarua?

Sisi wa Songea tunaijua safari ya Mbinga. Msimu wa kahawa ukifika vijana hupanda basi kwenda kuchuma, na malipo ni kwa debe. Mmoja wao, jirani yangu, alinishika mkono baada ya swala ya Ijumaa akaniuliza: "Ustadhi, nasikia kahawa huko duniani imepanda bei ajabu. Mbona debe langu ni lile lile?"

Kuhusu bei alikuwa sahihi. Februari 2025 ratili moja ya arabika katika soko la New York ilipita Dola 4. Mwaka 2001 ratili hiyo hiyo ilishuka chini ya senti 50.

Hebu tukumbushane anguko lile lilivyokuja. Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa wa mwaka 1962 uliziwekea nchi viwango vya mauzo ili bei isiporomoke. Julai 1989 utaratibu huo ukavunjika. Kila nchi ikamwaga kahawa sokoni, na Vietnam, ambayo awali haikuhesabika, ikapanda hadi nafasi ya pili nyuma ya Brazil. Mbinga hakuulizwa mtu. Wakulima wengi walipoona bei hailipi waliacha mibuni izongwe na magugu. Sasa nani alikosa kazi mwanzo? Ni yule asiyemiliki mbuni hata mmoja.

Ndugu msomaji, wanazuoni wa fiqhi wana kanuni isemayo al-ghunmu bil-ghurmi, yaani mwenye kuchukua faida ndiye abebe hasara. Ndiyo maana mkopeshaji wa riba analaumiwa: anataka faida bila kubeba hatari. Lakini yupo na wa upande wa pili, ambaye hatumsemi sana: anayebebeshwa hatari bila kupewa faida. Kibarua wa kahawa ndiye huyo. Bei ikipanda, debe ni lile lile. Bei ikianguka, hana debe kabisa.

Nitajibiwa kwamba kibarua ameridhia ijara. Amechagua ujira unaojulikana, akaiacha hatari kwa mwenye shamba. Hoja hii ni nzuri, na ingetosha kama ingekuwa kweli. Anayekubali ujira mdogo ili asiguswe na hasara, basi na asiguswe. Huyu ameuza sehemu yake ya faida ili anunue usalama, na usalama wenyewe hakuupata.

Wengine watasema bila New York hata hilo debe lisingekuwepo. Ni kweli, nami sidai tufunge biashara na dunia. Wala simsukumi mkulima ukutani, maana naye ana pembejeo, madeni na makato. Ninachouliza ni namna ya kugawana.

Na namna ipo, tena ya zamani. Inaitwa musaqati: mtu anahudumia miti ya mwenzake kwa sehemu ya mavuno. Mtume (s.a.w.) aliafikiana hivyo na watu wa Khaybar kwa nusu ya mazao. Najua masheikh wetu wa Kishafii watanikumbusha kwamba kauli mpya ya Imamu inaishia kwenye mitende na mizabibu. Wanikumbushe, lakini wasisahau kwamba kauli yake ya kale ilienea kwenye miti mingine ya matunda, na Imamu Malik aliipanua pia. Kijana anayepalilia na kupogoa mwaka mzima kwa fungu la kahawa, bei ikianguka ataumia pamoja na mwenye shamba, na ikipanda watacheka pamoja.

Nilimweleza hivyo jirani yangu. Alisikiliza, akaniuliza mwaka mzima huo atakula nini kabla ya mavuno. Swali la haki, kwa sababu wa Khaybar walikuwa na makazi yao pale pale. Tukakubaliana aombe ujira mdogo wa chakula, akatwe kwenye fungu lake. Msimu ujao atakwenda kumuuliza mwenye shamba. Akikataliwa, anasema, ataomba walau debe lipande.