Mtoto Alale na Nani?

Likizo kubwa ikifika, mwezi wa saba na wa nane, madarasa ya shule zetu hubaki matupu. Ndipo parokia na vyama vya watoto na vijana, Waskauti, Xaveri, Kizito-Anuarite, hupata nafasi ya kuwakusanya watoto kambini. Mchana hauna taabu. Mpira, nyimbo, kuchota maji, sufuria ya maharagwe motoni: watoto huchanganyika wenyewe. Taabu huanza jua likishuka. Kila mtoto ameshika mkeka wake na blanketi lake, maana usiku wa Bunia una baridi, na mlezi amesimama mlangoni, daftari mkononi. Huyu aingie chumba gani? Alale na nani?

Pengine mtu atacheka kwamba hili si jambo la kuandikiwa gazeti. Ndugu wasomaji, sisi twaliona ni swali zito, tena kwetu Ituri ni zito kuliko penginepo. Vita vya miaka 1999 mpaka 2003 viliwatenga Wahema na Walendu hata mitaani mwa mji huu, na tangu mwisho wa mwaka 2017 damu ilimwagika tena vijijini, hasa upande wa Djugu. Watoto wanaokuja kambini wamesikia mengi nyumbani. Mwingine hajapata kulala chini ya bati moja na mtoto wa kabila lile linalotajwa kwa sauti ya chini jikoni.

Basi njia iliyo rahisi ni hii: watoto wa kijiji kimoja pamoja, wa lugha moja pamoja. Hakuna kilio, wazazi wameridhika. Walezi wafanyao hivi si watu wabaya. Wamechoka, nao wana watoto wengi wa kuangalia. Lakini mtoto amefundishwa nini? Mchana ameambiwa sisi sote ni ndugu. Usiku ameonyeshwa kwamba giza likiingia, kila mtu na wake. Hotuba ataisahau upesi. Mahali alipolazwa hatapasahau.

Baden-Powell, yule aliyefariki Nyeri, Kenya, mwaka 1941, alifanya kambi yake ya kwanza kisiwani Brownsea, Uingereza, mwaka 1907. Aliwachukua wavulana wapata 20, wengine wana wa matajiri, wengine wa wafanyakazi, akawagawa makundi manne yaliyochanganyika, kila kundi na kiongozi wake mvulana.

Uko mfano wa karibu zaidi, nao hatuutaji bila kutetemeka. Katika seminari ndogo ya Buta, nchini Burundi, alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997, watu wenye silaha waliingia bwenini, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku, Watutsi huku. Wakakataa. Vijana 40 wakauawa. Habari hii husimuliwa kama ushujaa wa saa moja. Sisi twadhani ushujaa ule haukuzaliwa saa ile. Vijana wale walikuwa wamekula na kusali pamoja, wakalala vitanda vya jirani, huku nchi yao ikiwaka moto nje. Amri ya kujitenga iliwakuta wamekwisha kuwa nyumba moja.

Lakini mtoto wa miaka minane si mseminari. Pengine ndiyo mara yake ya kwanza kulala mbali na mama. Kumtupa kati ya nyuso asizozijua, ili sisi watu wazima tujisifie umoja, ni kumdhulumu vilevile. Umoja wetu tuubebe sisi, tusimtwike yeye.

Kwa hiyo twaona hivi: apewe mmoja anayemjua, mmoja tu, alale mkeka wa jirani, waliosalia chumbani wawe wageni kwake. Mmoja yatosha kuondoa hofu, wala hatoshi kufanya chama. Na kwa kuwa mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, usiku wa tatu apewe kazi humo chumbani: kufagia, au kutunza taa. Mwenye kazi ana kwao.

Tena watoto hututazama sisi. Kila chumba kiwe na walezi wawili, kamwe asiwe mmoja peke yake, na ikiwezekana wawili hao wasiwe wa kabila moja. Aliyelowesha mkeka, ufuliwe kimya kabla wenzake hawajaamka. Aliaye usiku, mlezi akae naye palepale, aseme naye kwa lugha ya nyumbani, asifanye haraka kumhamishia “kwa wenzake.” Akizidi kulia, aitwe mzazi, hakuna aibu. Bali kama amelizwa na matusi juu ya kabila lake, asihamishwe yeye. Aliyetukana ndiye mwenye neno la kujibu, naye ajibu usiku uleule.

Tena wako wazazi. Baba akija Jumapili akauliza, “Mwanangu analala na nani?” asijibiwe kwamba wote ni watoto wa Mungu. Aonyeshwe chumba na mkeka, atajiwe jirani kwa jina lake na kijiji chake. Akikunja uso, apewe kiti na chai kwanza. Mwanawe yuko uani na jirani huyo, wanagombea mpira.