Safari Isiyo na Hodi

Katika siku tisa za njiani hodi ilipigwa mara mbili tu, na ya pili ilitugharimu ndimu nne na chupa ya asali.

Ilikuwa mpakani, pale Australia Kusini inapoikabidhi barabara kwa Australia Magharibi. Jimbo hilo la pili haliruhusu matunda mabichi wala asali kutoka nje, kwa kuchelea wadudu na maradhi ya mimea na nyuki. Afisa wa ukaguzi alikuja hadi kwenye gari letu, akasimama nje, akauliza kama anaweza kuingia. Mume wangu, Baba Asha, akamjibu "Karibu" kwa Kiswahili. Kijana yule hakujua hata neno moja la lugha yetu, lakini alivua kofia, akaingia, akanyanyua ndimu zangu moja moja na kuzitumbukiza kwenye mfuko wake. Siwezi kusema nilikasirika. Mtu aliyeomba ruhusa hukupunguzia hasira hata anapokunyang'anya.

Binti yetu Asha ni muuguzi Adelaide. Ndiye aliyetukodia gari hilo lenye kitanda, jiko dogo la gesi, sinki na tangi la maji, tuendeshe hadi Perth, kiasi cha kilomita 2,700. Mwanzo njia hugusagusa bahari, kisha hujitosa nyikani. "Wanaendesha kushoto kama nyumbani," alisema, "na barabara ni moja. Hamna pa kupotelea." Baba Asha, aliyefundisha historia sekondari hadi akastaafu, alilibatiza gari jina la Kobe.

Kwetu Tanga mtu hasafiri hivi hivi. Huenda msibani, harusini, kumwona mgonjwa, kufuata mali. Mwisho wa njia yupo mtu ambaye amekwisha kuteleka maji ya chai. Ukifika husukumi mlango. Unasimama nje, unaita hodi, unangoja. Kile kitambo kati ya hodi na karibu, wakati umesimama na mzigo mkononi hujui utapokewa vipi, ndicho kinachokufanya mgeni. Wewe ndiye mwenye shida, mwenye mlango ni mwingine. Sasa mtu aliyebeba nyumba yake mgongoni, anayepika anapotaka na kulala anapotaka, ni mgeni wa nani?

Siku ya tatu swali hilo lilitugeukia sisi wenyewe. Kobe hana baraza wala ua. Nyumba ya pwani huwezi kuielewa bila hivyo viwili: barazani mume huongea na dunia, uani mke huongea na dunia yake, na ndani mnakutana mkiwa mmeshapoa. Humo garini tulikuwa tumebanana kama dagaa, na tukagombana juu ya maji. Kwenye vituo vya mafuta vya nyika ile maji baridi ni haba, kila msafiri hubeba yake, na mwenzangu alikuwa ametawadha kama yuko mtoni Pangani. Nilimwambia. Akanijibu. Nyumbani ningetoka kwa mlango wa uani nikaenda kwa jirani, nikarudi na kipande cha muhogo na moyo mwepesi. Pale jirani alikuwa kilomita 90 mbele.

Basi yeye ndiye aliyetoka, gizani, na baridi ya Julai. Nikasikia changarawe, kisha kimya kirefu. Aliporudi hakufungua. Alikohoa mlangoni.

Miaka 38 ya ndoa nimekisikia kikohozi hicho kila siku asubuhi na jioni, na sikuwahi kukifahamu. Mume wangu hukohoa kabla ya kuingia chumba nilichomo. Ni hodi. Tumeishi kwa kupigiana hodi sisi kwa sisi, na zile siku tatu za garini hakuwa na mlango wa kukohoa. Nikasema karibu.

Kulipokucha niliitazama nchi kwa jicho jingine. Ramani inauita uwanda ule Nullarbor, jina lililoungwa kwa Kilatini kumaanisha "hakuna mti". Ni bapa la mawe ya chokaa la kilomita za mraba zipatazo 200,000. Mvua ikinyesha maji huzama mapangoni, juu hakibaki kitu. Kweli miti ni ya kuhesabu. Lakini kuna vichaka vya kijivu hadi upeo wa macho, tai wakubwa juu ya mizoga ya kangaruu, na kusini majabali yanayokatika ghafla baharini kama mkate uliovunjwa kwa mkono. Kuiita nchi kwa kile isichokuwa nacho ni sawa na mtu aingie kwangu, atupe macho, kisha anitangazie nyumba kwa jina la Isiyo na Sofa.

Utani huo una upande usiochekesha. Kaskazini ya barabara ipo Maralinga, ambako mwaka 1956 na 1957 Uingereza, kwa ridhaa ya serikali ya Australia, ililipua mabomu saba ya nyuklia. Palichaguliwa kwa kuwa palionekana patupu. Wenyeji, Waanangu waliokuwa katika misheni ya Ooldea, walikuwa wamekwisha kuhamishiwa kusini, Yalata, mwaka 1952. Patupu! Neno hilo hulisema mtu ambaye hakusimama mlangoni. Adabu tuliyofundishwa ni kwamba ukipiga hodi tatu usipojibiwa, urudi ulikotoka. Anayechukua kimya kuwa ni ruhusa hakuja kama mgeni.

Hodi yetu ya kwanza, basi, ilikuwa hapo hapo katika ardhi ya Yalata, kabla ya mpaka. Kati ya Mei na Oktoba nyangumi huja kuzaa chini ya majabali ya Head of Bight. Tulilipa kiingilio, tukashuka ngazi za mbao. Nyangumi jike na mwanawe walikuwa wamelala juu ya maji wakipumua, na hakuna kati ya watazamaji aliyepaza sauti. Wakati huo nilidhani nimelipia nyangumi. Baada ya usiku wa kile kikohozi niliona kwamba nilikuwa nimesimama nje ya mlango wa watu, nikafunguliwa.

Barabara yenyewe inaitwa Eyre, kwa jina la Mwingereza aliyeuvuka upande huu wa pwani mwaka 1841. Aliyefika naye mwisho wa safari ni Wylie, kijana Mnoongar wa huko Albany, ambaye kadiri walivyosogea magharibi ndivyo alivyokuwa anakaribia kwao. Eyre alipewa barabara. Wylie amepewa ukingo wa majabali. "Huyu ndiye Susi wao," alisema Baba Asha, akiwakumbuka Susi na Chuma waliofikisha maiti ya Livingstone Bagamoyo mwaka 1874. Akiishaanza historia hasimamiki: akanihadithia sarafu tano za shaba za Kilwa alizookota askari mmoja mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini kabisa ya Australia, mbali mno na njia yetu. Aliyezifikisha hajulikani. Mimi nilijiuliza jambo dogo zaidi, kama mtu huyo alipokewa.

Kati ya Caiguna na Balladonia kuna kilomita 146.6 bila kona hata moja, karibu mara mbili ya Tanga hadi Segera. Huko Tanga tunaswali kuelekea kaskazini, na wazee wa pwani wakisema kibla humaanisha kaskazini hasa. Pale kibla kiko magharibi, kaskazini kidogo, kwa hiyo kutwa nzima tuliendesha kama tulioelekea msala. Saa nazo zilituchezea: vituo vya karibu na Eucla vina saa zao, dakika 45 nyuma ya Adelaide na 45 mbele ya Perth. Tuliacha kubishana na simu, tukatazama kivuli.

Nimesahau kueleza salamu. Kila dereva tuliyepishana naye alinyanyua kidole kimoja juu ya usukani. Siku ya kwanza Baba Asha alipunguza mwendo kila mara, akidhani anaonywa kuwa trafiki wako mbele. Alipoelewa akaanza kuitikia, kisha kutangulia, kisha kulalamika asipoitikiwa. Kwa jioni moja tulihesabu 43. Sijui kama kidole ni hodi. Nadhani ni kikohozi: nipo, nakuona, napita.

Norseman, mji wa kwanza baada ya kilomita zipatazo 1,200 tangu Ceduna, ulitupokea na miti mirefu ya magome ya rangi ya shaba. Tuliegesha, Baba Asha akazima injini, akauliza kama tuna ndimu ya kutia kwenye samaki wa kopo. Nikamkumbusha ziliko.